Mlinzi wa kuitwa: shajara ya kuiondoa antivirusi ya doria dukani

Jumatatu, 16 Juni 2025

Naanza kuandika leo, maana nikitegemea kichwa nitasahau nilibadilisha nini kwenye mashine ipi. Duka ni stesheneri ya kawaida, Makulu, njia ya kuelekea UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma): kuchapa, fotokopi, kuskani vyeti, kuwajazia watu maombi ya kazi na ya mikopo. Kompyuta ni nne, zote za mtumba, na nimezipa majina kwa mahali zilipokaa. Mlangoni ina RAM ya GB 4. Dirishani ina GB 2 tu, maskini. Kati ina GB 4. Ukutani nayo GB 4, na ndiyo iliyoungwa na printa kubwa.

Ugonjwa ni wa siku nyingi. Mteja akichomeka fleshi, mashine inaganda. Taa ya disiki inawaka bila kupepesa, kishale cha mausi kinatambaa kama kinyonga, na mteja anaanza kuangalia duka la jirani. Leo nimefungua orodha ya programu zinazofanya kazi kwenye Kati nikakuta antivirusi tatu. Tatu! Fundi wa kwanza aliweka ya kwake, wa pili akaongeza yake bila kuiondoa ya mwenzake, na ya tatu ilijipenyeza yenyewe siku tulipopakua programu ya kugeuza PDF. Kila moja inataka kulipekua kila faili linalofunguliwa, na zenyewe kwa zenyewe zinapekuana.

Nilichoamua ni hiki: nimfukuze mlinzi wa doria, niajiri wa kuitwa. Programu ikae kwenye disiki imelala, isile RAM wala bando, mpaka mimi mwenyewe niiamshe niiambie kagua hapa, kisha irudi kulala. Nathubutu kwa sababu moja tu: uchafu wote dukani kwangu unaingia kwa mlango mmoja, fleshi za wateja. Ukiwa na mlango mmoja huna haja ya askari wa kuzunguka kila chumba usiku kucha.

Mlangoni, Dirishani na Kati zinahamia Linux Mint, mfumo endeshi wa bure badala ya Windows, toleo la Xfce ambalo ni jepesi. Ukutani inabaki Windows 10, kwa sababu kazi za kadi na vipeperushi zinakuja kwa Publisher, na kwa sababu LibreOffice, inayotumika kwenye Mint badala ya Word, ikifungua ripoti ya mwanafunzi yenye majedwali inayapanga inavyojua yenyewe. Doria ya Ukutani sitaigusa. Niliwahi kuuzima ulinzi wa Windows kwenye mipangilio, baada ya muda ukajiwasha wenyewe. Na virusi vingi vinavyofika hapa vimetengenezwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo kuivua nguo mashine hiyo moja ningekuwa nafanya ukaidi tu.

Jumatano, 18 Juni

Mint imekaa kwenye mashine zote tatu. Nimechagua ClamAV. Ni ya bure, ilianzishwa na Mpolandi Tomasz Kojm mwaka 2002, na siku hizi inatunzwa chini ya Cisco. Kilichonivutia ni kwamba imekatwa vipande. Kuna clamd, mlinzi anayekaa macho muda wote na saini zote, yaani alama za kutambulia virusi, kichwani. Kuna clamscan, anayekuja ukimwita, anakagua, anaondoka. Na kuna freshclam, mwenye kazi ya kwenda kuleta saini mpya. Clamd anakuja kwenye kifurushi cha peke yake, clamav-daemon, kwa hiyo sikukiweka. Nimeweka kile kinachoitwa clamav basi.

Nikajiona mjanja. Jioni nikaandika `sudo freshclam` nisasishe saini, ikakataa, ikisema faili la kumbukumbu limefungwa na programu nyingine. Programu gani tena, na mimi ndiye niliyezima kila kitu? Kumbe kifurushi kile kikishawekwa tu kinamwasha freshclam kama huduma ya kudumu, na yuko nyuma ya pazia tangu mchana anavuta data kwa bando langu. Nimemtoa hivi:

`sudo systemctl disable --now clamav-freshclam`

Kuanzia sasa nasasisha kwa mkono, asubuhi, mara moja, kabla ya kufungua mlango. Mzigo wa kwanza umekula zaidi ya MB 200: mafaili matatu, main, daily na bytecode. Baada ya hapo inaleta tofauti tu ya jana na leo, ambayo ni ndogo, bando la siku linaihimili.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeua Dirishani. Si kwa maana ya kufa kabisa, lakini kwa dakika kumi na tano haikusikia kibodi wala mausi. Nilimwita clamscan akague fleshi moja ya GB 8 yenye picha za sendoff.

Nilidhani mlinzi wa kuitwa ni mwepesi. Si mwepesi hata kidogo, ni kwamba tu hakai. Akiitwa lazima kwanza apakie saini zote kwenye RAM, na saini hizo ni zaidi ya milioni 8. Zinakula GB moja na ushee. Wenyewe wanaoitengeneza wanashauri mashine iwe na RAM isiyopungua GB 3. Mimi nimempeleka mgeni wa kilo mia akalale kwenye kitanda cha mtoto.

Basi ramani imebadilika. Kazi ya ukaguzi ni ya Mlangoni peke yake. Dirishani na Kati hazina antivirusi kabisa, na hakuna fleshi ya mteja itakayochomekwa humo. Nimeziba matundu ya mbele ya hizo mbili na ya Ukutani kwa selotepu na kuandika kwa kalamu nyekundu: HAPANA.

Jumanne, 24 Juni

Majaribio na kijana wangu wa kaunta. Nimempa lile faili la EICAR. Kwa asiyelijua: ni herufi 68 za maandishi, halidhuru kitu, ila watengenezaji wa antivirusi walikubaliana walitambue kana kwamba ni kirusi ili watu wapate cha kujaribia.

Kwenye Ukutani, lile faili halikumaliza hata kuhifadhiwa. Windows ikapiga kelele na kulifuta. Kwenye Mlangoni likakaa kwenye meza ya kompyuta, limetulia.

"Dada, mbona hii haijalia?"

"Hujaiita."

Akaangalia faili, akaniangalia mimi. "Kwa hiyo kirusi kinaweza kukaa hapo mpaka kesho?"

"Mpaka mwakani, kama hujaita."

Nikaona sura yake imebadilika. Nadhani hapo ndipo alipoelewa mradi huu kuliko nilipomweleza kwa nusu saa. Tukamwita clamscan, akalitaja faili kwa jina na chini akaandika idadi ya yaliyoambukizwa: 1.

Jambo la pembeni: tumekubaliana tusiseme kuskani tukimaanisha virusi. Kuskani hapa dukani ni vyeti. Wiki iliyopita nilimwambia "skani fleshi ya mama huyu", nikamkuta anaitafutia nafasi juu ya kioo cha skana.

Alhamisi, 3 Julai

Nimeandika sikripti fupi, yaani orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe, na kuiwekea picha kwenye meza ya kompyuta, jina lake KAGUA. Kijana anabofya mara mbili, inatafuta fleshi zote zilizochomekwa, inamwita clamscan, halafu inaonyesha dirisha kubwa la rangi. Kijani, imeandikwa SAFI. Nyekundu, imeandikwa ITA DADA. Ndani yake nimetumia namba ambayo clamscan anairudisha akimaliza: 0 maana yake hakukuta kitu, 1 amekuta kirusi, 2 ni hitilafu. Nimeandika kwamba ikiwa ni 1, nyekundu, vinginevyo, kijani.

Mafaili yaliyopita yanakwenda kwenye folda ya pamoja iitwayo TAYARI, na mashine nyingine zinayachukua humo kwa mtandao wa ndani.

Muda: sekunde 50 zinaliwa na kupakia saini tu, kabla hajagusa faili hata moja. Mteja wa kurasa mbili hataki kusubiri dakika nzima. Dawa niliyoipata ni kuwapanga: ekstensheni ya USB yenye matundu manne, fleshi nne zinakaguliwa kwa mwito mmoja, saini zinapakiwa mara moja tu. Sekunde 50 zikigawanywa kwa wateja wanne zinavumilika. Ila disiki za nje ndizo zinazosumbua, ekstensheni haina umeme wa kuzitosha, zinalia tik-tik kisha zinapotea. Hizo nachomeka moja kwa moja.

Ijumaa, 11 Julai

Leo imekuwa siku nzuri. Amekuja binti wa mwaka wa tatu, macho mekundu, ripoti yake ya utafiti anatakiwa kuiwasilisha saa kumi. Fleshi anaifungua kwenye laptopu ya rafiki anaona folda zimekuwa shotikati zote, akibofya hazifunguki. Alishakwenda mahali wakamwambia fleshi imekufa, aformati.

"Usiformati kitu mdogo wangu, kaa hapo."

Nikaichomeka Mlangoni. Hata kabla ya kubofya KAGUA, vitu vyote vikaonekana: folda zake za kweli, shotikati zenye majina yale yale, na katikati faili moja la vbs, sikripti ya Windows, lenye jina la herufi zisizosomeka. Nikamgeuzia skrini aone mwenyewe. Minyoo ya namna hii haili mafaili, inayaficha. Inaziwekea folda alama mbili, ya siri na ya mfumo, na Windows ikiziona alama hizo haizionyeshi. Kisha inatengeneza shotikati yenye jina la folda. Wewe unabofya shotikati ukidhani unafungua folda yako, kumbe unaiwasha minyoo kwanza, na ndipo nayo kwa adabu inakufungulia folda ili usishtuke. Kwake hata adabu hiyo ilikuwa imeharibika, pengine kwa sababu antivirusi ya laptopu fulani ilifuta faili la vbs la kwanza na kuacha shotikati zikielekea hewani. Linux haijali alama zile mbili, ndiyo maana kila kitu kilikuwa uchi.

KAGUA ikatoa nyekundu. Nimenakili hati zake tu, za Word na PDF, nikafuta takataka, kisha nikazirudishia folda zake sura ya kawaida kwa laptopu yangu ya nyumbani, kwa amri ambayo kila mwenye stesheneri angeibandika ukutani:

`attrib -h -s -r /s /d *.*`

Kurasa 84, nakala tatu, zimefungwa kwa spairo. Saa tisa na nusu ametoka. Amerudi jioni na soda ya baridi, na amenitangazia kwa wenzake watano.

Jumamosi, 19 Julai

Hakuna jipya. Upepo na vumbi. Nimepuliza feni za mashine zote, Kati imepungua joto.

Jumanne, 5 Agosti

Wiki ya Nanenane. Mji umejaa, Nzuguni huko hakukanyagiki, na wanaoonyesha bidhaa wote wamekumbuka leo kwamba wanahitaji vipeperushi na orodha za bei. Mzee mmoja wa zabibu amekuja na fleshi iliyofungwa kwenye leso kama hela. Nimemwamkia kwa Kigogo, mbukwenyi, akafurahi, akaniachia kichala cha zabibu.

Bando liliisha asubuhi kabla sijasasisha. Sikutaka kusimamisha foleni, kwa hiyo nimechukua faili la daily kwenye laptopu yangu, ambayo nilikuwa nimeisasisha usiku nyumbani, nikalileta kwa fleshi. Nimefuta la zamani, nikaweka hilo.

Jumatano, 6 Agosti

Ajabu nzuri: KAGUA inamaliza kwa sekunde tatu. Sijui saini za jana zimepangwaje lakini Mlangoni inakimbia kama treni ya SGR. Kijana anasema dada tungefanya hivi toka zamani. Foleni imekwisha kabla ya saa saba, tumekula chakula kikiwa cha moto.

Alhamisi, 7 Agosti

Naandika usiku, mkono mzito.

Jirani yangu, fundi simu, alitaka nimwekee mpango kama huu kwenye laptopu yake. Nikasema njoo kwanza nikuonyeshe unavyofanya kazi. Nikalitoa lile faili la EICAR, nikaliweka kwenye fleshi, nikabofya KAGUA kwa mbwembwe. Sekunde tatu. Kijani. SAFI.

Nikarudia. SAFI.

Jirani kwa upole akasema, "Labda limeisha nguvu."

Nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikamwita clamscan kwa mkono bila sikripti. Mstari mmoja: Malformed database. Faili la daily nililolileta lilikuwa pungufu. Nilichomoa fleshi kabla haijamaliza kuandika, nikaja kunakili kipande. Faili la namna hiyo lina muhuri mwanzoni, clamscan akaukagua, akaona haulingani na kilichomo, akakataa kufanya kazi, akarudisha namba 2. Na mimi kwenye sikripti niliandika nini? Ikiwa 1, nyekundu, vinginevyo, kijani. Namba 2 ni vinginevyo.

Kwa hiyo tangu Jumanne asubuhi mlinzi alikuwa anafika getini, anasema siwezi kazi leo, na sikripti yangu inamtafsiria mteja: SAFI. Ile kasi niliyoisifu jana ilikuwa kasi ya mtu asiyefanya kitu. Daftari la KAGUA linaonyesha fleshi 61 zimepita hivyo.

Nimepakua daily nzima upya na kukagua folda ya TAYARI yote. Imetoka hati moja ya Word yenye makro mbaya, yaani amri zilizofichwa ndani ya hati. Nikakimbilia Ukutani, nikafungua historia ya ulinzi wa Windows, nikakuta hati hiyo hiyo imedakwa hapo Jumatano mchana kijana alipotaka kuifungua. Dirisha dogo la onyo lilitokea, yeye akalifunga kwa sababu lilikuwa linaziba kitufe cha kuchapa.

Naliandika hili kama lilivyo: aliyeniokoa ni yule mlinzi wa doria niliyekuwa namsema vibaya toka Juni. Wa doria akizimia, alama kwenye kona ya skrini inabadilika rangi. Wa kuitwa, amelala au amekufa, huwezi kumjua kwa kumtazama.

Jumapili, 10 Agosti

Sikripti mpya. Nimefikiria sana jambo hili baada ya ibada, na nimeona kutofautisha 0, 1 na 2 peke yake hakutoshi. Nataka kila ukaguzi ujithibitishe wenyewe.

Sasa kila mwito wa clamscan unabeba, pamoja na fleshi za wateja, lile faili la EICAR lililofichwa kwenye folda ya KAGUA. Kila safari mlinzi anapewa mwizi wa kuigiza. Asipomkamata, haijalishi anasema nini kuhusu fleshi, majibu yake hayapokelewi. Kijani linatoka kwa masharti matatu: mwizi wa kuigiza amekamatwa, hakuna mwingine aliyekamatwa, na mwishoni hakuna mstari wa hitilafu. Mwizi akikamatwa lakini kuna faili lililoshindikana kusomeka, dirisha ni njano: HAIJAKAGULIWA YOTE. Asipokamatwa, skrini nzima inakuwa nyeusi na kompyuta inapiga honi.

Namba ya mwisho sitegemei tena, maana kwa mpango huu kila siku itakuwa 1. Nasoma maandishi yenyewe.

Nimejaribu kwa kuharibu faili la daily makusudi. Honi ikalia, mbwa wa mama mwenye nyumba akabweka.

Kuna tundu moja ambalo nimelijua nikiwa kwenye mambo hayo hayo: clamscan kwa kawaida analiruka faili linalozidi MB 100. Kwa kazi zetu si neno, nani analeta ripoti ya MB 100, ila video za harusi zinapita bila kuguswa. Na zip yenye nywila hawezi kuiona ndani. Hizo nimeamua zisiingie TAYARI. Mteja aifungue mwenyewe kwenye simu au laptopu yake kwanza, na mpaka sasa ni wawili tu walionuna.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimekuta fleshi ya mteja imechomekwa Ukutani. Selotepu imebanduliwa, imekunjwa vizuri, imewekwa pembeni. Kijana anasema alikuwa mteja mmoja tu, ana haraka, anawahi basi.

Sikugomba. Mimi mwenyewe nilipitisha 61. Lakini karatasi ya HAPANA haizuii mtu mwenye foleni mbele yake. Nimeingia kwenye rejista ya Windows, ghala la mipangilio yake, sehemu ya USBSTOR, nikabadilisha thamani ya Start kutoka 3 kuwa 4. Sasa Ukutani haitambui fleshi kabisa; kibodi, mausi na printa vinaendelea kama kawaida kwa sababu amri hiyo inahusu vifaa vya kuhifadhia tu. Kati na Dirishani nimefanya la namna yake, nimezuia moduli ya usb-storage isipakiwe.

Kijana amejaribu mbele yangu, akacheka: "Dada umetufungia nje."

Jumanne, 9 Septemba

Nimehesabu leo kwa daftari, kazi 40 tangu kufungua hadi kufunga. Fleshi: 11. Barua pepe: 6. WhatsApp: 23.

Nimekaa nikiitazama hiyo namba. Msingi wote wa mradi, niliouandika ukurasa wa kwanza kwa kujiamini, ni kwamba uchafu unaingia kwa mlango mmoja, fleshi. Huenda ilikuwa kweli miaka mitano iliyopita. Leo zaidi ya nusu ya kazi inaingia kwa simu ya mteja kwenda WhatsApp ya duka iliyofunguliwa kwenye Kati, na Kati haina antivirusi hata ya dawa. Nimemwajiri mlinzi kwenye geti ambalo wageni wengi hawapiti tena.

Kwenye barua pepe za wiki hii nimekuta faili limeandikwa Risiti.pdf.exe. Linux inaonyesha jina zima, kwa hiyo kijana aliliona akacheka. Windows ilivyo ikitoka dukani inaficha kile kipande cha mwisho, ungeona Risiti.pdf basi, ubofye.

Marekebisho yamechukua saa moja: WhatsApp na barua pepe zimehamia Mlangoni, kila kinachopakuliwa kinaangukia kwenye folda ya INGIA, na KAGUA sasa inapitia INGIA pamoja na fleshi. Mlangoni imekuwa na kazi nyingi, na clamscan akiwa anapakia saini WhatsApp inasuasua. Nimeongeza RAM kutoka GB 4 kwenda 8, kipande cha mtumba nilichokipata Majengo. Sekunde 50 zimekuwa 41.

Kwa hesabu ya haki, Mlangoni sasa inaitwa mara thelathini kwa siku. Kila mara inapakia saini zile zile milioni 8, inazitupa, inazipakia tena. Hapo clamd wa kukaa macho angekuwa na akili zaidi, na RAM ya kumlisha sasa ninayo. Nimelifikiria. Nimeahirisha, kwa sababu kukusanya fleshi nne nne kumempa kijana muda wa kuwauliza wateja kurasa ngapi, rangi au nyeusi, na makosa ya kuchapa yamepungua. Dirishani na Kati, ambazo haziitiwi mtu, ndizo zilizofaidika kwelikweli: zinawaka kwa nusu ya muda wa zamani na hazijaganda tangu Juni.

Jumanne, 14 Oktoba

Leo ndiyo siku ambayo Microsoft imefunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Ukutani haiwezi kwenda Windows 11, haina chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa yake ni ya kizazi kilichokataliwa. Saini za ulinzi wa Windows wamesema zitaendelea kuja kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, kwa hiyo macho yake bado yatakuwa yanaona. Kinachobaki bila kuzibwa ni nyufa za nyumba yenyewe. Nimeikata intaneti. Inaongea na folda ya TAYARI na printa tu, na kwa ajili ya saini nitaiwashia intaneti asubuhi dakika kumi, kisha naikata tena. Ndiyo, hata wa doria sasa amekuwa nusu wa kuitwa.

Jirani fundi simu ameiweka KAGUA kwenye laptopu yake na kubadilisha honi kuwa sauti ya jogoo.

Kesho: ekstensheni mpya ya USB, tundu la tatu limelegea na jana fleshi ya mwalimu mmoja ilikatika katikati ya ukaguzi. Njano ikatoka kama inavyotakiwa.